Moto wa Whona na Sisi Tunaopanda Pamoja

Mhadhara kwa vikundi vya wapanda milima, Moshi

 

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona, ambapo wapandaji wa njia ya Marangu hupumzika wakiwa kati ya vibanda vya Mandara na vya Horombo. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, vichaka vimekauka na upepo unavuma. Usiku watu wa Moshi walitoka nje wakautazama mstari mwekundu ukitambaa ubavuni mwa mlima. Mamia walipanda kwenda kuuzima, askari wa hifadhi, wanavijiji, wanafunzi. Ulipodhibitiwa, takriban kilomita za mraba 95 zilikuwa zimeungua, zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya hifadhi nzima.

Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, zilisema kwamba moto huo haukuwashwa kwa makusudi. Ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Naomba tuanzie kwenye hicho chakula. Kila ninapousikia mkasa huu ukisimuliwa, msimulizi huishia kwa wapagazi. Wapagazi wazembe, wapagazi hawana elimu, wapagazi wadhibitiwe. Mwenye chakula hatajwi. Na mwenye chakula ni mtu kama mimi na wewe, aliyekuja mlimani na wenzake, ana njaa, anasikia baridi, anataka kitu cha moto tumboni kabla ya kuendelea na safari.

Msitu wa mlimani una maadui wanaojulikana. Mkata mbao ana sheria yake, mchoma mkaa ana askari wake, mwindaji haramu ana mahakama yake. Leo nataka tuzungumze kuhusu watu wanaoupenda mlima, wanaokwenda kwa wingi, kwa vicheko na kwa nia njema. Madhara yao hayana askari, kwa sababu ukiwakamata mmoja mmoja huoni kosa. Yanatendwa na kundi, na kundi lenyewe ndilo linaloweza kuyazuia, likikubaliana kabla halijaondoka nyumbani.

Kwanza tujue nini kiliungua. Ukitoka geti la Marangu unapita msitu mnene wa mbega na kima. Ukipita Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, miti inaanza kufupika, kisha unaingia katika ukanda wa erika, mimea yenye majani membamba kama sindano, ambayo ikikaa miaka mingi bila kuguswa na moto hukua ikawa miti kamili. Wapandaji wengi huuona ukanda huu kama sehemu ya kupita tu. Macho yao yako kileleni.

Lakini mawingu yanayopanda kila siku kutoka tambarare hugota hapa. Majani yale membamba na ndevu za kijani zinazoning'inia matawini huunasa ukungu, matone hukusanyika, huanguka, huzama ardhini. Ni maji yasiyohesabika katika kipimo cha mvua, kwa kuwa hayakunyesha. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, alichapisha mwaka 2005 makala iliyoonyesha kwamba maji tunayoyapoteza kwa kuungua misitu ya juu ni mengi kuliko tunayoyapoteza kwa kuyeyuka barafu ya kilele. Dunia nzima inaililia barafu ya Kibo, na ni haki yake kuililia, maana kati ya 1912 na 2007 ilipungua kwa takriban asilimia 85. Huku chini ya barafu, misitu imeteketea kimyakimya, na mpaka wa juu wa miti umeshuka kwa mamia ya mita. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Moto tunaweza kuacha kuuwasha.

Maji ninayoyasema ndiyo yanayoibuka katika chemchemi za mji huu. Ndiyo yanayopita katika mifongo, ile mifereji ya Wachagga, yakanywesha migomba na kahawa, yakafika kwenye mpunga na miwa ya kusini mwa Moshi, yakajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, mpaka yakaingia baharini pale Pangani. Mvuvi wa Pangani hajawahi kufika Whona na pengine hatafika. Sufuria iliyowekwa motoni Whona ilimhusu.

Sasa turudi kwa mwenye chakula. Hapa Moshi wapagazi huitwa wagumu, na wanastahili kuitwa hivyo. Kiwango kilichowekwa ni kilo 20 kwa mtu. Mgumu hubeba hema lako, kiti chako, mtungi wa gesi, viazi na mayai, hukutangulia kambini, na hula baada yako. Tangu 2003 kuna mradi hapa mjini, KPAP, unaowatetea kuhusu mishahara, chakula, nguo za baridi na mahali pa kulala. Mambo hayo huzungumzwa kama haki za kazi, na ni haki za kazi kweli. Mimi nayaona pia kuwa ulinzi wa msitu.

Fikirini. Kundi la marafiki kumi linataka kwenda kilele cha Uhuru. Katika kundi la WhatsApp kunafanyika mnada, kampuni hii inasema kiasi hiki, ile imeshusha, ile imeshusha zaidi. Tunachagua ya chini kabisa na tunapongezana. Ile fedha tuliyookoa imetoka kwa mtu ambaye hakuwapo tulipokuwa tunapatana bei. Imetoka kwenye gesi yake, kwenye koti lake, kwenye mlo wake wa pili. Mtu mwenye njaa na baridi, mchana wa kiangazi, akiwa amezungukwa na vichaka vikavu, atawasha moto, na mimi nitakuwa wa mwisho kumlaumu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ulizeni. Gesi ni ya wageni tu au ni ya msafara mzima? Wagumu watakula wapi, na watapashia wapi chakula chao? Njiani, pale pa mapumziko, tutakula vyakula vikavu au kuna mtu anatarajiwa kutuwashia jiko? Kundi linaloweza kukesha likibishana kuhusu rangi ya fulana za safari linaweza kutenga dakika kumi kwa maswali haya.

Nami napendekeza jambo moja jepesi. Mchana, njiani, tule vya baridi. Mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu vilivyopikwa usiku, chai katika chupa. Moto ubaki kambini, kwenye jiko la gesi, juu ya ardhi tupu, na mtu asiliache mpaka liwe limezimika na kupoa. Vichungi vya sigara virudi mfukoni. Oktoba 2022, miaka miwili tu baada ya Whona, moto uliwaka tena katika mlima huu, safari hiyo karibu na kambi ya Karanga. Miezi ile ile, ukavu ule ule.

Nije kwenye miguu. Marafiki hupenda kutembea sambamba. Ni tabia njema ya kibinadamu, maana mazungumzo hayanogi ukizungumza na kisogo cha mtu. Lakini njia ya mlimani imechongwa kwa mtu mmoja nyuma ya mwingine. Wakipita watatu bega kwa bega, wawili wanakanyaga majani. Majani yakifa mizizi haishiki tena udongo. Udongo ukishindiliwa haunywi maji, na mvua ikija inatiririka juu ya njia yenyewe, inachimba mfereji, mfereji unakuwa korongo. Kundi linalofuata linakuta korongo halipitiki vizuri, linapita pembeni, na pembeni panaanza safari ile ile ya kuwa korongo. Wenzetu wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru wanalijua eneo la tope lililo juu ya msitu, ambapo kila mtu hutafuta pakavu pa kuweka mguu. Kila pakavu palipopatikana leo ni tope la kesho, na tope linazidi kutanuka.

Dawa yake haipendezi lakini ni rahisi. Pita katikati ya tope. Buti hufuliwa. Na mazungumzo yasubiri kambini, ambapo kuna jioni nzima ya kuzungumza.

Juu zaidi, ukishavuka mita 4,000, hali ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kule kila usiku maji yaliyomo kwenye udongo huganda, yakachipuka kama sindano ndogo za barafu na kuinua tabaka la juu la ardhi. Mchana jua huziyeyusha, udongo ukaanguka tena. Mbegu iliyoanza kutoa mzizi hung'olewa kabla haijashika. Mmea uliofanikiwa kuishi pale umeshinda vita vya miaka mingi, na ukiung'oa kwa buti hakuna mrithi anayesubiri kuchukua nafasi yake. Mtu akikata kona ili awahi mbele ya wenzake, alama aliyoiacha huwa inawasubiri wapandaji wa mwaka unaofuata, nao huifuata wakidhani ni njia.

Kuna mimea miwili ninayotaka muijue kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayopigiwa picha kuliko yote. Wa kwanza ni ile senesio kubwa, mnayoiona kwa wingi bonde la Barranco, yenye shina nene na kichwa cha majani mapana juu. Majani yake ya zamani hayadondoki. Hukauka yakalishika shina pande zote, na hilo ndilo blanketi lake la usiku. Shina likivuliwa majani hayo, baridi huliingia na maji yaliyomo ndani hushindwa kupanda kwenda kwenye majani hai. Zamani wapandaji waliyachukua majani na magogo hayo kuwashia moto. Siku hizi watu huyachomoa bila sababu, mkono unacheza tu wakati wakisubiri zamu ya kupigwa picha. Mmoja akichomoa jani moja, hapana neno. Wakipita watu mia, shina liko uchi.

Wa pili ni lobelia. Katikati ya majani yake huhifadhi maji, na usiku majani hujikunja kuelekea ndani yakalifunika chipukizi. Maji ya juu huganda, ya chini hubaki majimaji, na chipukizi linanusurika. Mlima Kenya kuna aina iitwayo Lobelia telekii ambayo huishi miongo kadhaa, ikachanua mara moja tu, kisha ikafa. Mtu anayechovya kidole humo ili kumwonyesha mwenzake barafu, au anayekaa juu yake ili apate picha, huenda ana umri mdogo kuliko mmea alioukalia. Piga picha. Simama njiani upige. Rafiki wa kweli ndiye anayeshika simu na kusema, rudi hatua mbili, hapo ulipo si njia.

Kuhusu takataka nitasema machache, kwa kuwa sheria zimesema mengi. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Kenya ilitangulia Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 ikazuia plastiki za kutumika mara moja ndani ya hifadhi zake. Hapa Kilimanjaro taka za msafara hupimwa kwa mizani, na kiongozi wa msafara huulizwa zilipo. Ni utaratibu mzuri. Lakini wengi wetu mwishoni mwa wiki hatuendi Kilimanjaro. Tunakwenda maporomoko ya Materuni, tunakwenda Uluguru juu ya Morogoro, tunakwenda milima ya Ngong au Longonot, na kule mara nyingi hakuna mizani wala mgumu wa kukubebea mfuko wako. Hapo ndipo kundi linapojulikana. Mfuko wa taka uwe na mbebaji mwenye jina, na jina hilo litangazwe kabla ya kuondoka stendi. Kazi ya wote bila jina ni kazi ya dereva wa Coaster, anayefagia gari usiku peke yake.

Ila kuna hoja moja siwezi kuipita, maana naisikia kila mara kutoka kwa watu wenye akili zao. Ganda la ndizi ni mbolea, wanasema, litaoza. Shambani kwako Kibosho litaoza, tena haraka, kwa sababu kuna joto, unyevu na wadudu. Kwenye baridi ya Horombo litakaa sana, na kabla ya kuoza litapata mlaji. Kunguru wenye shingo nyeupe wa kambini wamekwisha kujua kwamba binadamu ni chakula. Pimbi wa kambi za Mlima Kenya vivyo hivyo, wanakuja mpaka miguuni. Watu hufurahi na kuwatupia biskuti. Mnyama aliyezoeshwa hivyo hutafuna mahema na mikoba, hujaa pale pasipompa riziki yake ya asili, na akigeuka msumbufu yeye ndiye anayelipa. Isitoshe, ganda la mgeni huja na mbegu ya mgeni. Hemp yule yule alionyesha mwaka 2008 kwamba mimea isiyo ya Kilimanjaro imeupanda mlima kwa kufuata njia za watalii. Mbegu husafiri kwenye matope ya soli na kwenye mikunjo ya suruali. Pigeni buti zenu brashi nyumbani kabla ya safari. Tumezoea kuzisafisha baada ya kurudi, na hapo mlima umekwisha kupokea mzigo wake.

Na choo. Wasikilizaji wengine hutazama chini nikifika hapa, lakini anayewaongoza watu porini hana budi kusema. Penye choo, tumia choo, hata kama hakipendezi. Pasipo na choo, nenda hatua themanini au zaidi kutoka kijito na kutoka njiani, chimba kiasi cha sentimita 15 hadi 20, fukia. Karatasi usifukie, maana wanyama huifukua. Itie katika mfuko wake, ushuke nayo. Juu kule kwenye mawe na baridi, ambako ardhi haichimbiki na kitu hakiozi, mpango wa choo upangwe na kundi zima tangu nyumbani, kama unavyopangwa mpango wa maji ya kunywa. Wale kina mama na dada zetu hawapaswi kuachiwa shida hii waitatue kila mmoja peke yake nyuma ya jiwe.

Huwa naambiwa kwamba mambo haya ni ustaarabu wa Wazungu, kwamba Mwafrika porini ni nyumbani kwake na hahitaji masharti. Napinga kwa nguvu zote. Nendeni pwani ya Kenya mkaone misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ukiingia Kaya Kinondo, unajifunga kaniki, unavua kofia, unafuata njia iliyozoeleka, na hutoki na kitu, hata jani lililokwisha kuanguka. Masharti hayo hayakuandikwa na mtaalamu wa mazingira. Ni ya wazee wa kaya, na yamehifadhi miti ambayo nje ya msitu ilikwisha kukatwa zamani. Kinachonigusa ni kwamba masharti yanatolewa kabla ya kuingia, kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, mgeni na mwenyeji, na hakuna anayeona ametukanwa kwa kuambiwa.

Au tusiende mbali. Wazee waliokaa mbele hapa wanakumbuka utaratibu wa mfongo. Siku ya kusafisha inatangazwa, kila nyumba inayotumia maji inatoa mtu na jembe, asiyekuja anatozwa faini. Hakuna aliyesema mfongo utasafishwa na mwenye moyo mzuri. Moyo mzuri ulikuwapo, lakini maji hayakutegemea moyo. Yalitegemea makubaliano, siku na faini. Kikundi cha kupanda mlima kinaweza kuwa na vitu hivyo hivyo. Faini iwe ndogo, iingie kwenye mfuko wa safari ijayo, na ilipwe na kila mtu, hata mwenyekiti.

Shida kubwa iko kwenye ulimi. Tunaona mwenzetu akitupa chupa, tunanyamaza. Huyu ni mkubwa kwangu, yule ndiye aliyenilipia nauli, huyu ndiyo mara yake ya kwanza nisimharibie siku. Adabu yetu, ambayo ni kitu kizuri, inageuka kuwa sababu ya kuunyamazia uharibifu. Nilipokuwa nikilitafakari hili nikakumbuka kwamba jamii zetu zilikwisha kulitatua. Tuna utani. Mpare humwambia Mchagga neno ambalo ndugu yake wa damu asingethubutu kumwambia, hata msibani, na Mchagga hana ruhusa ya kukasirika. Mtani husema kweli mbele za watu, watu wanacheka, mwenye kosa anajirekebisha, hakuna aliyevunjiwa heshima. Kila msafara uwe na mtani wake. Achaguliwe waziwazi, apewe ruhusa na wote, na atembee nyuma kabisa, kwa sababu wa nyuma ndiye anayeona kila kilichoangushwa na kila kona iliyokatwa. Wengi huona nafasi ya nyuma ni ya wachovu. Kwangu ndiyo nafasi ya heshima kuliko ya kiongozi wa mbele, na ningependa vikundi vyenu viwe vinaigombania.

Mkishakuwa na mtani, mpeni na mamlaka juu ya spika. Ndiyo, spika ya muziki inayofungwa begani. Nimewaona vijana wakiamini kwamba safari bila muziki imepoa. Katika msitu wa Kilimanjaro, mbega wakiisikia wanahama, na kundi linalokuja nyuma yenu, ambalo pengine limesafiri siku mbili ili liwaone, linakuta matawi matupu. Katika Aberdare, au upande wa kaskazini wa mlima wetu huu, kuna tembo na nyati, na sikio lako ndilo linalokuonya kwamba kuna kitu kizito kinavunja matawi mbele. Imbeni kambini jioni, kwa sauti zenu. Wagumu wanajua nyimbo nyingi na watawaongoza.

Pia punguzeni wingi. Naelewa kwa nini msafara wa watu sitini unavutia, gari linajaa, nauli inashuka, picha inapendeza. Lakini watu sitini hawawezi kusimama mahali popote porini bila kupaharibu, na hawawezi kujuana. Mtu asiyejuana na wenzake haoni aibu mbele yao. Gawanyeni watu hao katika makundi ya kumi kumi au kumi na wawili, yaondoke kwa kupishana nusu saa, kila moja na mtani wake na mfuko wake wa taka. Na wale wenyeji wanaojua njia, kijana wa Materuni au mzee wa Uluguru anayeishi mpakani mwa msitu, walipwe malipo ya heshima, si soda. Mwenyeji anayepata riziki kutokana na msitu uliosimama ana sababu ya kuukimbilia siku unapoungua, kama walivyokimbia wale wa 2020.

Wapo watakaouliza kama basi haingekuwa afadhali tubaki mjini, mlima upumzike. Jibu langu ni hapana. Mlima usiotembelewa na watu wake huwa na watetezi wachache. Kijana aliyewahi kuvua kofia yake katika ukungu wa erika akausikia ukidondoka kwenye majani hawezi kusoma habari ya moto kwa moyo ule ule kama aliyeuona mlima kwenye noti na kalenda tu. Nataka mwende. Nataka mwende wengi, kwa zamu, mwaka hadi mwaka, na muwachukue wadogo zenu.

Desemba inakaribia, na najua vikundi kadhaa vilivyomo humu vinajiandaa kupanda kwa ajili ya tarehe 9, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge wa Uhuru juu ya kilele. Baada ya hapo vuli itakwisha, na kiangazi cha Januari na Februari kitazikausha tena erika. Kwa hiyo mkifika getini, pamoja na kujiandikisha, ombeni namba ya simu ya kituo cha askari wa hifadhi. Iandikeni kwenye karatasi, kila mmoja yake, pamoja na majina ya kambi mtakazopita kwa mpangilio, ili mkiona moshi muweze kusema uko wapi. Kule juu mtandao hukatika na betri hufa kwa baridi, na namba iliyo katika simu ya mtu mmoja haitoshi.